Mafua yanamlaza mwanangu, dada yake anacheza: je, ni damu ya ukoo?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi mkoa wa Geita. Mwanangu wa pili ana miaka mitatu na miezi minne. Mwaka jana alipata mafua yakaingia kifuani, akalazwa na kuwekewa oksijeni siku nne. Mwaka huu imekuwa vile vile, na safari hii walimchukua kipimo cha puani wakasema ni influenza A. Dada yake wa miaka saba alipata mafua hayo hayo wiki hiyo hiyo, akakohoa siku tatu, akarudi kucheza rede. Mtoto huyu aliwahi pia kuongezewa damu akiwa na mwaka mmoja, wakasema ni malaria. Upande wa mume wangu, mdogo wake alifariki ana miaka mitano kwa ugonjwa wa kifua, na kuna binamu yao mwenye selimundu. Mama mkwe anasema ukoo wao ni wa vifua, iko kwenye damu, hakuna la kufanya. Shemeji yangu yuko Muscat, anataka tutume mate nje kwa kipimo cha vinasaba, yeye atalipa. Je, ni kweli mafua makali yanarithiwa? Tutume? Na nikizaa mwingine, naye atakuwa hivi?"

Marahaba mama, na pole sana. Siku nne kando ya mtungi wa oksijeni ukihesabu pumzi za mtoto hazisahauliki, na wewe umezipitia mara mbili. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna swali uliloliuliza na jingine ambalo hukuliuliza, ila umelijibu nusu bila kujua. Nitaanza na uliloliuliza. Hilo la pili nitalirudia baadaye, na ndilo ninalotaka ulifanyie kazi wiki hii.

Tuanze na neno lenyewe, maana linatuponza. Kila kinachotoa kamasi tunakiita mafua. Lakini virusi vya kamasi ni vya aina nyingi, na vingi ni vipole. Influenza ni ugonjwa mwingine: homa hupanda ghafla, mwili wote huuma, na kwa baadhi ya watu virusi hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Ndiyo maana nasikitika nikisikia watu wakisema mafua hayamuui Mwafrika. Mwaka 2002, kwenye nyanda za juu za Madagascar, zaidi ya watu 27,000 waliugua influenza ndani ya miezi michache na zaidi ya 600 wakafariki, wengi wao watoto wadogo. Wataalamu walipochunguza virusi vile, walikuta ni influenza ya kawaida iliyokuwa ikizunguka duniani mwaka ule, wala haikuwa aina mpya ya kutisha. Kilichoua kilikuwa utapiamlo, baridi, msongamano na umbali wa kwenda hospitali. Naomba uikumbuke habari hiyo tutakapofika kwenye damu ya ukoo wenu.

Sasa, vinasaba. Kirusi cha influenza kikitua kwenye utando wa njia ya hewa, seli hukimeza kikiwa kimefungwa ndani ya kifuko kidogo. Humo kuna asidi, na asidi hiyo ndiyo inayokiamsha kirusi kiunganike na ukuta wa kifuko, kitoboe, kitoke, kianze kujizalisha. Seli iliyovamiwa haikai kimya. Hutoa kemikali iitwayo intaferoni, ambayo kazi yake ni ile ya mbiu ya mgambo: ikilia, seli za jirani zinajua kuna jambo, zinafunga milango na kushika silaha. Intaferoni iligunduliwa mwaka 1957 jijini London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, na virusi walivyokuwa wakivifanyia kazi vilikuwa hivi hivi vya influenza. Miaka michache baadaye Lindenmann alikuta panya wa maabara wa ukoo mmoja, A2G, waliopewa influenza ya kuua panya wengine, wao wakabaki wazima. Walikuwa wamerithi jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba chenye maagizo ya kazi fulani mwilini, ikapewa jina la Mx. Kwa hiyo kwa panya swali lako lilijibiwa tangu miaka ya 1960: jeni moja inaweza kuamua nani apone na nani afe.

Kwa binadamu jibu ni ndiyo, lakini ndiyo yenye masharti. Zipo tofauti za kijeni zilizo adimu sana na zenye nguvu kubwa, na zipo za kawaida zenye nguvu ndogo. Watu huzichanganya, na hapo ndipo pesa zinapopotea.

Mfano wa zile adimu ni msichana mmoja wa Ufaransa. Mwaka 2011, akiwa na miaka miwili na nusu, alipata influenza iliyomfikisha chumba cha wagonjwa mahututi, mapafu yameshindwa kazi. Hakuwa na ugonjwa mwingine wowote. Watafiti waliokuwa wakiongozwa na Jean-Laurent Casanova waliposoma vinasaba vyake walikuta nakala zote mbili za jeni iitwayo IRF7 zina hitilafu, moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. IRF7 ndiyo inayoamrisha mbiu ipigwe kwa nguvu. Kwake yeye kirusi kiliingia na mbiu haikulia ipasavyo. Baba na mama, kila mmoja akiwa na nakala moja nzima, hawakuwa na tatizo lolote. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na ndani yake kuna jambo ambalo napenda kila mzazi alisikie: baada ya kupona, msichana yule alichanjwa influenza kila mwaka, na hakuugua tena influenza kali. Kingamwili zinazotokana na chanjo humkamata adui kabla hajafika mahali ambapo mbiu ingehitajika. Jeni ilikuwa mbovu kweli, lakini njia ya kuzunguka ilikuwepo, na ilikuwa sindano ya kawaida kabisa.

Mfano wa zile za kawaida ni jeni iitwayo IFITM3. Hii hutengeneza protini inayokaa kwenye ukuta wa kile kifuko nilichokueleza na kuukaza, kirusi kikabaki kimefungwa humo mpaka kimeng'enywe. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba panya wasio nayo huumwa vibaya mno na influenza, na kwamba umbo fulani la jeni hii lilionekana zaidi miongoni mwa wagonjwa waliolazwa kwa influenza ya 2009 kuliko kwa watu wengine. Mwaka uliofuata, nchini China, ambako umbo hilo ni la kawaida, asilimia 69 ya wagonjwa mahututi walikuwa na nakala zake mbili, dhidi ya asilimia 25 ya wale walioumwa kidogo. Ni tofauti kubwa. Lakini watafiti wengine wa Ulaya walipojaribu kurudia hawakuona athari hiyo. Na hata kule China, watu wengi sana wana nakala hizo mbili, wanapata mafua kila mwaka, na wanapona nyumbani. Jeni ya namna hii huongeza uzito kidogo upande mmoja wa mizani, basi.

Mama mkwe wako hajasema uongo, mama. Ameona alichokiona: watoto wa ukoo mmoja wanakufa kwa vifua. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, ya kusema kwamba kwa kuwa inatembea kwenye ukoo, basi ni damu. Ukoo haurithishani damu tu. Watu hurithi pia nyumba, jiko, chakula na umbali wa hospitali. Mwaka 2008 zilitoka tafiti mbili zinazoonyesha ugumu wa kuvitenganisha vitu hivi. Jimbo la Utah, Marekani, lina kumbukumbu za nasaba za vizazi vingi. Watafiti walizifuata wakakuta ndugu wa damu wa mtu aliyekufa kwa influenza, hata wale wa mbali, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa nayo. Wakasema kuna kitu kinarithiwa. Iceland nako, nchi inayojulikana kwa kutunza nasaba za watu wake, walifanya hesabu ya vifo vya influenza ya 1918. Walikuta wenzi wa ndoa wa waliokufa, watu wasio na damu moja nao, walikuwa hatarini kama ndugu zao wa damu. Kilichowaunganisha ni paa moja na hewa moja. Mimi nazikubali zote mbili. Jeni zina sehemu yake, na chumba mnacholala kina sehemu yake.

Hii inanipeleka kwa dada yake aliyerudi kwenye rede. Ndugu wa tumbo moja hushirikiana takriban nusu tu ya kile kinachowatofautisha watu kijeni, kwa hiyo inawezekana kweli mmoja akarithi hitilafu na mwenzake asirithi. Lakini kabla ya kufika huko kuna sababu zilizo wazi zaidi. Yeye ana miaka saba. Ameshakutana na influenza mara kadhaa, na mwili wake una kumbukumbu. Njia zake za hewa ni pana kuliko za mtoto wa miaka mitatu. Uvimbe ambao kwake ni kikohozi, kwa mdogo wake ni kukosa pumzi. Na mtoto mdogo hukaa mgongoni au miguuni kwa mama jikoni. Kama mnapikia kuni au mkaa ndani, yeye ndiye anayevuta moshi mwingi kuliko wote, na mapafu yenye moshi huchelewa kujisafisha.

Kuhusu makundi ya damu, kwa kuwa najua litaulizwa: kuwa O au A au B si kitu tunachokitumia kupima hatari ya mtu kwa influenza. Liache hilo.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuliuliza. Umeandika, kwa kupita tu, kwamba mtoto aliongezewa damu akiwa na mwaka mmoja, kwamba binamu wa mume wako ana selimundu, na kwamba shemeji yako mdogo alifariki akiwa na miaka mitano kwa ugonjwa wa kifua. Mimi nikiyasoma hayo matatu pamoja na mtoto aliyelazwa mara mbili kwa kifua, swali la kwanza linalonijia ni moja: mtoto huyu amewahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu? Kwenye ujumbe wako sikuona popote.

Simwambii mtu ugonjwa bila kumwona, na inawezekana kabisa kipimo kikatoka kizuri. Lakini angalia hesabu. Mnaishi Kanda ya Ziwa. Watafiti walipopima damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kaskazini magharibi mwa Tanzania, na matokeo kutoka mwaka 2018, walikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano ana nakala moja ya jeni ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Hitilafu kama ya yule msichana wa Ufaransa ni ya watu wa kuhesabika duniani kote. Ukisikia kishindo Serengeti, fikiria nyumbu kwanza.

Na selimundu ni tofauti ya kijeni inayobadilisha influenza kuliko nyingi nilizozitaja. Katika majimbo manne ya Marekani, watoto wenye selimundu walilazwa kwa influenza mara 56 zaidi ya watoto wasio nayo. Sababu inaeleweka vizuri. Influenza huvimbisha mapafu, oksijeni inashuka. Oksijeni ikishuka, chembe nyekundu za mwenye selimundu hujikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo, hasa ya mapafu. Mishipa ikiziba, oksijeni inashuka zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na ndani ya siku moja mtoto aliyekuwa na kikohozi anahitaji mtungi. Zaidi ya hayo, bandama ya mtoto mwenye selimundu huharibika mapema, mara nyingi kabla ya miaka mitano, na bandama ndiyo inayochuja bakteria kama nyumokoka, ambao hupenda sana kuingia kwenye mapafu yaliyojeruhiwa na influenza. Kwa nje, vyote hivyo huonekana kama "mafua yaliyoingia kifuani".

Upungufu mkubwa wa damu kwa mtoto wa mwaka mmoja unaweza kabisa kuwa wa malaria. Hapa kwetu hilo ni la kila siku. Unaweza pia kuwa selimundu iliyojificha nyuma ya malaria. Jiulize pia: aliwahi kuvimba viganja au nyayo akiwa mchanga, huku akilia akiguswa? Macho yake huwa na rangi ya njano? Hulalamika miguu kuuma usiku? Mweleze mhudumu yote hayo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kuna vipimo vya haraka vya tone moja la damu, vinavyosema kama mtoto ni mzima, ana nakala moja, au ana ugonjwa. Jihadhari na kile kipimo cha zamani cha kuangalia tu kama chembe zinajikunja, kwa sababu hakitofautishi mwenye nakala moja na mgonjwa. Omba wachanganue aina za hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Na kama kwenye kulazwa kwa mwaka huu aliongezewa damu tena, waambie, kwa sababu damu ya mtu mwingine inaweza kupotosha majibu kwa takriban miezi mitatu.

Ikiwa ana ugonjwa, mama, utalia, na una haki ya kulia. Lakini utakuwa umepata jina la adui, na adui huyu ana dawa. Kuna penisilini ya kunywa kila siku angalau mpaka afikishe miaka mitano. Kuna haidroksiurea, inayopunguza kujikunja kwa chembe. Kuna chanjo ya nyumokoka, ambayo alipaswa kuipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi yake. Kuna kliniki ya kudumu. Utafundishwa kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, ili ijulikane mapema ikivimba ghafla. Na homa ikifika 38.5 utajua kwamba ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, si ya kusubiri asubuhi.

Ikiwa hana, bado hatujamaliza. Mtoto aliyehitaji oksijeni mara mbili anastahili kuangaliwa moyo, pumu, kifua kikuu, VVU na lishe kabla mtu hajafikiria jeni adimu. Vyote hivyo vikitoka vizuri, na akaangushwa tena na influenza, au akapata maambukizi mengine makubwa yasiyo ya kawaida, hapo nitakuunga mkono kutafuta daktari wa kinga ya mwili katika hospitali kubwa ya rufaa. Vivyo hivyo kama wewe na baba yake ni ndugu wa damu, maana hapo nafasi ya kukutanisha nakala mbili mbovu ni kubwa zaidi.

Kuhusu mate ya kutuma nje, jibu langu ni hapana, kwa sasa. Vipimo hivyo vya biashara kwa kawaida hugusa nukta chache zilizochaguliwa, havisomi jeni kama IRF7 herufi kwa herufi. Vinaweza kukupa jibu la IFITM3, na jibu hilo halitabadilisha dawa hata moja atakayopewa mwanao. Mshukuru shemeji kwa moyo wake, na umwombe fedha hiyo hiyo aielekeze kwingine. Chanjo ya influenza haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu, lakini hospitali binafsi za miji mikubwa huwa nayo. Huanza kutolewa kuanzia miezi sita. Mtoto wa umri wake akichanjwa kwa mara ya kwanza hupata dozi mbili zilizoachana wiki nne, kisha moja kila mwaka. Mchanjeni yeye, na nyinyi mnaolala naye nyumba moja. Kikibaki kitu, nunueni kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na lipieni bima ya afya. Kwa mtoto huyu vitu hivyo vina thamani kuliko ripoti ya kurasa ishirini.

Mafua yakirudi kabla ya yote haya, usisubiri yashuke kifuani. Mpeleke ndani ya siku mbili za kwanza na useme wazi kwamba alishawekewa oksijeni mara mbili. Dawa ya influenza, oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, ingawa si kila kituo kinayo. Mhesabie pumzi akiwa ametulia: 40 au zaidi kwa dakika moja ni nyingi kwa umri wake. Akibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunywa, midomo ikibadilika rangi, viganja vikiwa vyeupe, akipata degedege au akilegea, ondokeni usiku huo huo. Usimpe aspirini. Na tafadhali, mtu yeyote asikushawishi kumkata kimeo ili kikohozi kiishe. Nimewapokea watoto waliofika wakivuja damu kooni kwa sababu hiyo, na kama ana selimundu, kisu hicho ni hatari mara mbili.

Umeuliza kuhusu mtoto mwingine. Kama itakuwa selimundu, ina maana wewe na baba yake kila mmoja ana nakala moja, na kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Siwezi kukuambia uzae au usizae, hilo ni la nyumba yenu. Ninachotaka ni muamue mkiwa na majibu mkononi, nyote wawili mmepima, na dada yake pia. Mwenye nakala moja ni mzima na ataishi kama wengine, ila ajue kabla hajaolewa. Na mama mkwe aelezwe kwa upole kwamba nusu ya nakala hizo, kama zipo, zimetoka kwako, ili asiubebe mzigo huo peke yake. Alimzika mtoto, na huenda ameishi miaka yote akiamini ni damu yake iliyomuua.

Wiki hii, beba kadi ya kliniki na karatasi zote mbili za kuruhusiwa hospitali, na ukifika mbele ya daktari umwambie hivi: "Mwanangu amewekewa oksijeni mara mbili, aliwahi kuongezewa damu, na kwao baba yake kuna selimundu. Naomba apimwe aina ya hemoglobini."